Namba Tisa Hajatoka

Mshukiwa wa kwanza alikuwa ameliwa na fisi Jumapili iliyopita, saa kumi na dakika ishirini jioni, mbele ya mashahidi watatu.

"Aliliwa wapi?" Chepchirchir aliuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya daftari.

"Vumbini," Wariara akajibu. "Kwa lango la mgodi. Fisi ndiye mtoza ushuru wa huo mji."

"Na sasa mshukiwa ako wapi?"

"Kwa hardware yake, hapo karibu na steji. Ni character wake aliliwa, madam. Yeye mwenyewe ni mzima kabisa."

Katika miaka ishirini na sita ya kuvaa sare ya polisi, na minne ya kufanya upelelezi wake binafsi mjini Nakuru, Chepchirchir alikuwa ameandika maelezo ya kila aina. Aliandika ya ng'ombe walioibwa wakarudi wenyewe, na ya waume waliopotea wakapatikana mtaa wa pili wakinyolewa ndevu. Ya fisi mtoza ushuru hakuwahi. Hata hivyo aliyaandika kwa mwandiko ule ule, akapiga mstari chini yake. Maneno ya mlalamishi huandikwa yalivyo. Kucheka kuna wakati wake.

Ilikuwa Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, na walikuwa wamesimama ndani ya stoo ya mabati nyuma ya nyumba ya mzee Mathenge, Gilgil. Mlikuwa na meza moja, viti vinne vya plastiki, ubao wenye misumari ukutani, na sanduku la mbao lenye kufuli. Hapo ndipo Wariara, muuzaji wa duka la dawa za mifugo, alipokutana na wenzake watatu kila Jumapili kucheza mchezo wao. Kila mmoja alikuwa na mhusika wake, dadu ndiyo iliyoamua kama jambo alilojaribu limewezekana, na Wariara, akiwa msimulizi, aliwaambia kilichokuwa mbele yao.

Dunia yote ya mchezo aliibuni yeye. Vumbini ni mji maskini wa wachimba migodi, chini ya ukuta wa bonde. Watu wake huchimba jiwe linalotoa mwanga, jiwe hupandishwa juu kwa matajiri, nao wenyewe hula chakula cha jioni gizani. Kuna majitu, kuna mzimu anayeuza chapati, na kuna fisi aliyevaa tai. Yote hayo, pamoja na ramani na siri zake, yalikuwa katika kitabu kimoja kikubwa cha jalada jeusi, mwandiko wa miaka mitatu. Juzi Alhamisi Wariara alifungua sanduku, akakuta kitabu hicho hakimo.

"Nakala?"

"Sina."

"Hata picha za simu?"

"Tulikatazana. Wachezaji wangeona siri. Wamalwa angezoom ramani yote mpaka vyoo."

"Na huyo mchapishaji uliyenitajia kwenye simu?"

Wariara akatazama saa. "Atakuwa maktaba ya Nakuru leo saa nane mchana. Ametoka Nairobi kutuona tukicheza. Akipenda, anachapisha. Nisipofika na kitabu, ameshaniambia iko mwingine kwa laini." Akalitazama sanduku tupu. "Madam, nimeuza dawa ya kupe miaka minne. Hiyo kitabu ndiyo kitu ya kwanza nimewahi kumaliza maishani."

Chepchirchir hakumpa pole, kwa sababu pole haikamati mtu. Akavaa miwani yake ya kusomea, akapiga magoti mbele ya sanduku kwa kishindo kilichomfanya Wariara anyooshe mkono kumsaidia, na mkono huo akaukataa kwa jicho.

Kufuli lilikuwa zima. Bawaba zilikuwa na kutu ya zamani isiyokwaruzwa. Ndani mlikuwa na mfuko wa dadu za rangi, zile za pande nyingi ambazo Wariara aliziagiza kutoka ng'ambo na kuzingoja miezi mitano. Hazikuguswa. Kitambaa kilichofunga kitabu kilikuwa kimekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe.

"Wewe ndiye ulikunja hiki?"

"Hapana. Mimi hufunga tu hivi hivi."

"Mwizi hakunji nguo," Chepchirchir akasema, akaandika. "Ufunguo uko na nani?"

"Mimi, na huyu babu, guka Mathenge, kwa sababu stoo ni yake."

"Ulimuuliza?"

"Siku ile ile. Nilimuuliza kama ameona mtu akiingia humu. Akasema hakuna mtu ameingia."

"Ulimuuliza hivyo hivyo? Maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo."

Mpelelezi akayaandika yote mawili, swali na jibu, kila moja kwenye mstari wake. Kisha akatoka mlangoni, akainama. Kwenye saruji ya kizingiti palikuwa na alama za viatu, nyeupe kama unga, nyingine zikiingia na nyingine zikitoka. Kando ya kila alama ya mguu wa kulia palikuwa na kiduara cheupe, kikubwa kuliko sarafu ya shilingi ishirini kidogo tu. Akazipiga picha, akazipima kwa kiganja chake: kiganja kimoja na vidole viwili.

"Hardware ya huyo aliyeliwa na fisi inauza chokaa?"

"Inauza," Wariara akasema, na macho yakamtoka. "Na Jumapili alipiga meza akasema hiyo kitabu ichomwe!"

"Mwingine nani anacheza?"

"Kui, lakini ako Eldoret tangu Jumatatu, kwa harusi. Na Kipketer, wa Mai Mahiu."

Chepchirchir alikuwa ameshaufikia ubao wa misumari. Ulikuwa mzee kuliko stoo yenyewe, mbao nyeusi, misumari arobaini. Kwenye msumari mmoja tu kulining'inia kitu: kibati cha shaba, mviringo, kimechongwa namba tisa.

"Na hiki?"

"Hicho ni cha mchezo. Ukiingia mgodini unatundika, ukitoka unachukua, unaenda nacho nyumbani. Character wa Kipketer alifukiwa na mawe mwisho wa mchezo, kwa hivyo kikabaki." Wariara akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Nilitaka wakae na wasiwasi wiki nzima."

Chepchirchir akakitoa kibati, akakitia ndani ya bahasha, akaandika juu yake saa na mahali. Kilikuwa kizito kuliko kitu cha mchezo.

*

Wamalwa, mwenye hardware, alikuwa mtu wa futi sita na kitu, na alipowaona wanawake wawili wakiingia dukani, mmoja na daftari, alijua mara moja wamemfuata nini.

"Wariara, umeniletea polisi? Si tukae chini tuongee?"

"Polisi mstaafu," Chepchirchir akamrekebisha. "Jumapili ulisema kitabu kichomwe."

"Nilisema, ndio. Nilikuwa na hasira! Mathe, nimejenga yule mtu wangu miaka miwili. Fundi wa milango ya mgodi, mtu wa maana. Halafu ananyakuliwa na fisi, ati kwa sababu nimekataa kuonyesha risiti."

"Ilikuwa sheria," Wariara akasema.

"Ilikuwa unyama!"

"Onyesha kiatu," Chepchirchir akasema.

"Nini?"

"Kiatu chako. Weka juu ya kaunta."

Wamalwa akavua kiatu, akakiweka kati ya misumari ya inchi nne na rangi za mafuta. Kilikuwa kama mtumbwi mdogo. Chepchirchir akakipima: viganja viwili, na kisigino kikabaki nje. Chokaa ilikuwepo kweli, pembeni na ndani ya kamba, lakini mguu huo haungeweza kuacha alama ile hata ungekatwa.

"Jumatatu mpaka Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Na kila nikifunga duka nilikuwa naandika hii." Wamalwa akafungua droo, akatoa karatasi tatu zilizoandikwa pande zote mbili, akazikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayewasilisha kesi kortini. Juu kabisa palisomeka: *Rufaa ya Marehemu Fundi wa Milango dhidi ya Fisi*. Palikuwa na hoja kumi na moja. Ya saba ilitaja ukurasa wa mia na arobaini wa kitabu cheusi, kuhusu chemchemi inayorudisha wafu, ikiomba mahakama iufungue ukurasa huo na kuusoma kwa sauti.

Wariara alizisoma akiwa amefunika mdomo. "Wamalwa, ukurasa wa mia na arobaini ulijuaje?"

"Nilichungulia ulipoenda msalani," akakiri, akiwa ameinamisha kichwa. "Lakini saa unaelewa? Kitabu ikipotea, mimi nimekufa milele. Mimi ndiye wa kwanza kuitafuta!"

Chepchirchir akalifuta jina lake daftarini. Mtu hawezi kuchoma karatasi aliyoitegemea kwa hoja ya saba.

"Swali la mwisho," akasema, akikitoa kile kibati. "Hivi mlivinunua wapi?"

"Havinunuliwi hivyo. Ni vya ukweli. Ni vya yale machimbo ya udongo mweupe yalifungwa kitambo, guka Mathenge alifanya huko maisha yake yote. Yeye ndiye alitupea, na ubao. Akasema mkitumia vitu vya mgodi, mfuate sheria ya mgodi. Tukakubali."

"Sheria zipi?"

Wamalwa akamtazama Wariara. Wariara akamtazama Wamalwa.

"Ya kutundika na kuchukua," Wariara akasema. "Na ile ya kuandika kwa kitabu, ukurasa wa mbele, jina, namba na nyumbani kwao, halafu kila Jumapili nani ameingia na nani ametoka."

"Na nyingine?"

"Hatukuuliza kama iko nyingine."

Chepchirchir akafunga daftari. Alijisikia vizuri sana, kama mtu aliyekuwa akitafuta miwani nyumba nzima na kuikuta kichwani.

"Huyo mzee anatembea na mkongojo?"

*

Mzee Mathenge alikuwa kwenye bomba la nyuma ya nyumba, ameegemeza mkongojo wake ukutani, akiosha gambuti. Maji yaliyotiririka kutoka kwenye gambuti hizo yalikuwa meupe kama maziwa. Machimbo yalikuwa yamefungwa miaka mingi, lakini kila asubuhi mzee huyu alitembea mpaka huko kuyaangalia, akarudi, akaosha viatu, akanywa chai. Gambuti zenyewe zilikuwa ndogo. Kwa macho tu Chepchirchir alizihesabia kiganja kimoja na vidole viwili.

"Shikamoo mzee. Kitabu kiko wapi?"

"Marahaba. Kiko kwa mama yake."

Akajibu hivyo bila kuinua uso, kama mtu aliyeulizwa saa ngapi. Wariara akakaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Guka! Si nilikuuliza!"

"Uliniuliza nani ameingia. Mimi siingii kwangu, mimi niko kwangu." Mzee akalifunga bomba. "Halafu yule kijana mkubwa wa hardware akakuja kuniuliza kama najua mwizi. Mwizi mimi simjui. Hakuna mtu aliniuliza kitabu iko wapi. Nikafikiri mnajua, mnangojea tu, kama sisi tulivyokuwa tunangojea."

"Mnajua nini, mzee?" Chepchirchir akauliza, na kalamu ilikuwa imeshatoka.

"Sheria. Jioni ikifika, ubao ukiwa mtupu, forman anasema: funga lango, watu waende nyumbani. Lakini namba ikibaki kwa msumari, lango halifungwi. Na kitabu hailali kwa ofisi. Inapelekwa kwa mama wa yule hajatoka, akae nayo. Ndio mkubwa asiandike kitu ingine usiku, ati huyo mtu hakuwa kazini. Kitabu ikiwa kwa mama, kijana wake ako ndani na kila mtu anajua. Lazima wachimbe."

Kuku walikuwa wakigombania ganda la viazi karibu na bomba.

"Lakini guka," Wariara akasema polepole, "Kipketer hakufukiwa. Ni mchezo."

"Mimi si mtoto, najua ni mchezo. Hukaa pale kwa kona kila Jumapili, nasikiliza. Vumbini yako naijua kuliko wewe, hata yule mzimu wa chapati nilimjua akiwa hai." Mzee akacheka, kisha akauacha mzaha. "Ile Jumapili mlipobeba mifuko mkaenda, nikaona namba tisa imebaki pale. Chakula ikanikataa. Siku mbili. Nikasema, hapana. Nikachukua kitabu, nikaenda."

"Kwa nini namba tisa ikukatalie chakula?" Chepchirchir akauliza.

"Kwa sababu ilikuwa yangu." Akaanza kuvaa gambuti, mguu mmoja baada ya mwingine. "Mwaka wa sabini na nane ilining'inia siku mbili. Mama yangu alikalia kitabu siku mbili, mkubwa akija anamfukuza na mwiko. Walipofika kwangu na majembe, nikatoka mweupe mwili mzima, nikaenda kwake moja kwa moja. Unajua alifanya nini?"

"Alilia."

"Alinichapa nacho! Hapa, kwa bega. Ndio akalia." Mzee alikuwa akicheka tena, na machozi yakiwa karibu. "Baadaye ikawa sheria. Kila mama alikuwa anachapa."

Chepchirchir akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na uchafu. "Mama yake Kipketer anakaa wapi?"

"Imeandikwa kwa ukurasa wa mbele. Kihoto, Naivasha. Beba gambuti, maji imejaa huko."

*

Saa nne kasorobo Probox ya Chepchirchir ilisimama pale lami ilipoishia ndani ya maji. Ziwa lilikuwa limepanda mpaka nyuma ya nyumba za Kihoto, na watu walikuwa wamelizoea kama mgeni asiyejua kuaga. Magunia ya mchanga yalipangwa milangoni, na mbao zilitoka nyumba hadi nyumba. Chepchirchir alizipita akiwa ameshika sketi kwa mkono mmoja na heshima yake kwa mwingine. Wariara alimfuata na mfuko wa dadu shingoni.

Mama Kipketer aliwakaribisha wakae juu ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye mikono ya kukata maua ya kuuzwa nje, na macho yasiyopitwa na kitu.

"Chamgei," Chepchirchir akasalimu.

"Chamgei mising. Mmekuja juu ya kitabu."

"Ndiyo, mama."

"Sitoi."

Kilikuwa juu ya kabati, kimefungwa ndani ya karatasi ya nailoni. Wariara alikitazama kama mtu anayemwona ndugu yake ng'ambo ya mto.

"Mzee wa watu alitoka Gilgil na mkongojo," mama akaendelea, "akavuka hii maji yote, akaniambia, mama, kijana yako bado ako ndani, shika hii mpaka atoke. Nikamuuliza, ndani ya nini? Akasema ni ya mchezo, lakini sheria ni sheria. Nikacheka sana. Nikampikia chai. Alipoenda, nikafungua." Akakishusha kitabu, akakifungua pale alipokuwa ameweka ufito wa ufagio. "Tarehe nane. Namba tisa, ameingia, ametoka. Tarehe kumi na tano. Ameingia, ametoka. Tarehe ishirini na mbili. Gilgil! Kila Jumapili!"

Wariara akaanza kuelewa, na akatamani asingeelewa.

"Mimi aliniambia ni karani kwa kampuni ya malori huko Mai Mahiu. Ati kazi ni nyingi, hata Jumapili hawezi kutoka. Miezi nane sijamwona. Na kumbe anapita hapo juu kwa barabara, anaona bati zangu, hashuki!" Akakifunga. "Nikipiga simu, ako busy. Sasa kitabu iko na mimi. Atakuja achukue mwenyewe."

"Mama, niko na mkutano saa nane..." Wariara akaanza.

"Mimi niko na miezi nane."

Chepchirchir akatoa simu yake, akaiweka kwenye spika, akapiga namba aliyopewa na Wariara. Kelele za nyundo juu ya chuma zilisikika kwanza, kisha sauti ya kijana.

"Niaje, nani huyu?"

"Ninaitwa Chepchirchir, ninapeleleza kitabu cha Vumbini. Nimekipata. Kiko kwa mama yako, na mimi niko hapa pamoja naye."

Nyundo zikanyamaza.

"Amekifungua?"

"Amesoma za Jumapili zote."

"Wacha we," Kipketer akasema kwa sauti ndogo. "Madam, mimi siwezi kuja hivi. Mimi si karani. Mimi naziba panchari za malori. Mikono yangu ni nyeusi mpaka hapa, grisi haitoki hata kwa sabuni ya unga. Nilisema nikipata kazi ya ofisi ndio nishuke."

Mama akainama juu ya simu. "Kipketer."

"Mama."

"Chai inapoa."

Lori la mahindi lilimteremsha barabarani saa tano na robo. Lakini kabla hajafika, palitokea jambo ambalo Chepchirchir, aliyeandika kila kitu, hakuliandika hata kidogo. Mama aliuliza kijana wake alifukiwa vipi. Wariara, aliyekuwa amekata tamaa na saa, akaanza kumweleza, kwanza kwa ufupi, kisha kwa sauti yake ya Jumapili. Akamweleza lango, na shimo la tatu, na mwanga wa jiwe ukififia, na kijana aliyewasukuma wenzake nje mawe yalipoanguka. Mama alisikiliza akiwa amekaa wima.

"Na nani anamchimbua?"

"Yeyote aliye na jembe. Unarusha hii. Ukipata kumi na tano kwenda juu, mwamba unasogea."

Mama akaichukua dadu ya pande ishirini, akaigeuza, akaitupa juu ya stuli. Nne.

"Jembe limegonga mwamba," Wariara akasema.

"Tena."

Tisa. Halafu mbili. Halafu kumi na moja. Mama alikunja mikono ya sweta. Jirani mmoja alisimama kwenye ubao nje ya dirisha, kisha wa pili, na Chepchirchir akajikuta ameshika ukingo wa kitanda.

"Sheria inaruhusu mara ngapi?" mama akauliza.

Wariara hakuwa ameandika sheria kama hiyo popote. "Mama wa mtu hahesabiwi," akasema.

Dadu ikazunguka, ikagonga kikombe, ikasimama. Kumi na nane. Nje majirani wakapiga makofi bila kujua ni ya nini, na mlangoni akawa amesimama kijana mrefu, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Hakuna aliyejua alikuwa amesimama hapo tangu lini. Uso wake ulisema ni tangu ile nne.

Chepchirchir akafungua bahasha, akampa kibati. "Namba yako."

Kipketer akakipokea. Mama akainuka, akamtazama kuanzia miguuni hadi kwenye mikono ile, na hapo kwenye mikono akakawia. Akafungua kitabu, akamwekea kalamu. Kijana akaandika *ametoka* mbele ya jina lake, na kidole chake kikaacha doa la grisi pembeni mwa ukurasa ambalo Wariara aliapa hatalifuta kamwe.

Ndipo mama akakifunga kitabu, akakiinua kwa mikono miwili, akamchapa nacho begani, paa.

"Mama! Hiyo ni ya nini?"

"Sijui," mama akasema, na tayari alikuwa analia na kucheka pamoja, ameishika mikono ile myeusi yote miwili. "Mkono tu umeenda."

Saa sita kasorobo Probox ilikuwa barabarani kuelekea Nakuru, na watu wanne ndani badala ya wawili. Kipketer alikuwa na zamu mezani, na mama yake alikataa katakata kubaki, kwa kuwa alitaka kumwona huyo fisi kwa macho yake. Kitabu kilikaa mapajani mwake, akikifunua kurasa polepole, akiuliza maswali ambayo mchapishaji yeyote angeona aibu kutoyauliza. Wariara aliyajibu moja moja, akiwa na furaha iliyomfanya ashindwe kufunga mkanda.

Walipokuwa wanapita Gilgil simu ya Chepchirchir ikalia. Akamkabidhi Wariara aiweke kwenye spika.

"Ametoka?" mzee Mathenge akauliza.

"Ametoka, mzee."

"Amechapwa?"

Chepchirchir akatazama kioo cha mbele. Huko nyuma, Kipketer alikuwa anasugua bega.

"Amechapwa."

"Na hicho kitabu?"

"Na hicho hicho. Na hakuna mtu alimwambia mama."

Walisikia bomba la mzee likifunguliwa na kufungwa.

"Basi funga lango," akasema. "Watu waende nyumbani."